Futeni Jedwali la "Mimi, Wewe, Yeye"

Ukimkuta Mnyarwanda aliyesoma Kiswahili mwaka mzima na bado anaogopa kuagiza chai kwa Kiswahili, usimlaumu yeye wala usiilaumu lugha. Muulize alifundishwa nini siku ya kwanza. Atakuonyesha ukurasa ninaoujua vizuri: jedwali lenye safu mbili, kushoto je, tu, il, nous, vous, ils, kulia mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao. Ninaandika kulipinga jedwali hilo. Naona ndilo linalotupotezea muda, na wakati mwingine fedha, na ubaya wake unatokana na jambo moja: linamfanya mtoto wa nyumbani aingie kwa mlango wa wageni.

Gisimenti, hapa Remera, ni mahali ambapo lugha hazipumziki. Wengi wanapajua kwa mishikaki na muziki, na kwa barabara yake ambayo hufungwa magari mwisho wa wiki ili watu watembee. Ukikaa hapo jioni moja utasikia Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza, Kiganda, na Kiswahili cha aina mbili tatu: cha Goma na Bukavu kwenye meza ya jirani, cha Dar es Salaam kutoka kwenye spika. Juu ya maduka kuna kituo cha lugha ambacho sitakitaja, kwa sababu kosa lake si lake peke yake. Kina vyumba viwili vinavyopakana. Katika kimoja wanafundishwa Kiitaliano vijana wanaotafuta nafasi za masomo Italia. Katika cha pili tunafundishwa Kiswahili. Mimi nimeketi katika vyote viwili, hiki cha Kiswahili kwa sababu ndilo somo langu, kile cha Kiitaliano kwa udadisi tu. Na nililoliona ni la aibu: Kiitaliano kilifundishwa kama Kiitaliano, na Kiswahili kikafundishwa kama Kifaransa.

Mwalimu wa Kiitaliano, katika somo la pili, aliandika ubaoni io parlo, tu parli, lui parla. Kisha akachukua kifutio akafuta io, tu na lui. Yakabaki parlo, parli, parla. Akaeleza kwamba nafsi imo mwishoni mwa kitenzi, na kwamba anayetamka io anakazia, kama mtu anayesema "mimi hasa, si mwingine". Ilichukua dakika tatu, na hakuna aliyeuliza swali.

Sasa tuje kwetu. Nafsi katika Kiswahili imo mwanzoni mwa kitenzi, na inaonekana waziwazi kuliko ile ya Kiitaliano: ninasoma, unasoma, anasoma. Neno "mimi" ni la kukazia, kama io. Lakini kwetu hakuna kilichofutwa. Tulikaririshwa "mimi ninasoma, wewe unasoma, yeye anasoma" wiki mbili nzima, kwa sababu Mfaransa hawezi kusema lis bila kutanguliza je. Matokeo yake mnayasikia: "Mimi ninaitwa fulani, mimi ninatoka Kicukiro, mimi ninasoma mwaka wa pili, mimi ninapenda mpira." Mtu wa Tanga akisikiliza maneno hayo atafikiri kuna mtu amembishia msemaji kuhusu jina lake.

Na mwanafunzi huyohuyo, akijitambulisha kwa Kinyarwanda, hatamki jyewe hata mara moja. Anasema nitwa fulani, ndiga mahali fulani. Anajua tangu alipoanza kusema kwamba nafsi inakaa ndani ya kitenzi. Ndagenda, uragenda, aragenda, turagenda, muragenda, baragenda. Weka kando yake ninakwenda, unakwenda, anakwenda, tunakwenda, mnakwenda, wanakwenda. Nani hapo anahitaji je na tu ili aelewe?

Jedwali lile lina ukoo wake. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alichapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870. E. O. Ashton alitoa sarufi yake mwaka 1944, na wengi wetu tumesoma nakala za nakala za maelezo yaliyotoka humo. Siwalaumu. Waliandika kwa ajili ya watu ambao lugha yao haina ngeli wala viambishi vya nafsi, na Ashton hasa aliifanya kazi hiyo kwa makini. Kitabu cha Mwingereza lazima kianzie pale alipo Mwingereza. Kosa ni letu sisi tulioichukua njia yao tukaibadilisha lugha ya upande mmoja tu, tukatoa Kiingereza tukaweka Kifaransa, au siku hizi tunatoa Kifaransa na kurudisha Kiingereza. Ni kama kupanda ndege kwenda Brussels ili ufike Rusumo.

Wakati huohuo Kinyarwanda kimekuwa kikichukua maneno ya Kiswahili bila kumngoja mwalimu: igitabo, ikaramu, ameza, isahani, idirishya, isabune, isukari, iduka. Bibi zetu hawakupewa jedwali. Walisikia kitabu na vitabu, wakasema igitabo na ibitabo, na kila kiambishi kikakaa mahali pake. Hata Waswahili wenyewe walifanya vivyo hivyo kabla yao, maana kitabu ni neno la Kiarabu ambalo ki yake haikuwa kiambishi mpaka lilipofika pwani ya Afrika.

Hapo ndipo ninapofika kwenye nomino. Katika chumba cha Kiitaliano tulifundishwa kwamba umoja na wingi hukaa mwishoni mwa neno: libro, libri; casa, case. Mwalimu akatuonya kuhusu la mano, neno la kike linalovaa -o, na il problema, la kiume linalovaa -a. Kisha akatuonyesha viambishi tamati vinavyobadilisha ukubwa na hisia: ragazzo ni kijana, ragazzino ni kijana mdogo, ragazzone ni pande la kijana, ragazzaccio ni kijana mtukutu. Darasa lilicheka na kufurahi. Hakuna aliyesema ni vigumu.

Katika chumba chetu mwalimu aliingia siku ya ngeli akasema, nanukuu kwa maana, kwamba sasa tumefika sehemu ngumu ambayo wengi huanguka. Akaandika A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI, U-ZI, na nyuso zikabadilika. Hao aliokuwa akiwatisha ni watu ambao lugha yao ya nyumbani ina inteko 16! Kila aliyemaliza sekondari hapa Rwanda amewahi kuketi na karatasi ya mtihani akichambua uturemajambo: u-mu-ntu, indomo, indanganteko, igicumbi. Huyo ni mtu anayejua tayari kwamba nomino ina kiambishi na mzizi, na kwamba kiambishi kinaamrisha maneno yote yanayofuata. Mwambie neno moja tu: Waswahili walikwisha kuacha indomo. Ondoa irabu ya mwanzo. Umuntu anabaki muntu, na mtu hayuko mbali. Abantu ni watu. Igikombe ni kikombe, ibikombe ni vikombe. Ijisho ni jicho, amaso ni macho. Ururimi ni ulimi, indimi ni ndimi. Ahantu heza ni mahali pazuri, maana ha yetu ni pa yao. Hili ni somo la saa moja. Sisi tulilipia miezi miwili.

Wazo la kuanzia kwenye lugha yetu halikuzuka kwangu. Padri Alexis Kagame alikwenda kusoma falsafa Roma, katika Chuo Kikuu cha Gregoriana, na mwaka 1956 akachapisha La philosophie bantu-rwandaise de l'être. Alichukua maneno manne, umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu, akajenga juu yake hoja kwamba viambishi vya nomino vinaonyesha jinsi tunavyogawa kila kilichopo: wenye akili, visivyo na akili, mahali pamoja na wakati, na namna. Wapo wanafalsafa waliombishia, na ubishi huo ni wa haki. Mimi ninachokitazama ni kitu kidogo zaidi. Mtu huyu alikuwa amezungukwa na Kiitaliano na Kilatini, Aristotle mezani, na bado alipotaka kufikiri alianzia kwenye mu na ki za nyumbani. Sisi tumekaa Gisimenti, tumezungukwa na Kinyarwanda, na tukitaka kujifunza lugha ndugu tunaanzia Ufaransa.

Lakini kosa kubwa kuliko yote liko kwenye ukanushi, na hapa sitasema kwa upole.

Kiitaliano kinakanusha kwa neno moja. Weka non mbele ya kitenzi, basi: parlo, non parlo. Kitenzi hakiguswi. Mnyarwanda anaelewa mara moja, kwa sababu naye ana ntabwo: ntabwo mvuga. Lakini Mnyarwanda ana njia ya pili, ya zamani na iliyo imara zaidi, ya kukanusha ndani ya kitenzi: simvuga. Kwa njia ya kwanza ni jirani wa Mwitaliano. Kwa njia ya pili ni ndugu wa Mswahili. Mwalimu wa Kiswahili mwenye akili angeshika hiyo ya pili na kuiacha ya kwanza. Wetu aliandika: "ha- = ne... pas". Ukimwambia mwanafunzi kwamba ukanushi ni kijineno cha kubandika, atakwenda kutafuta kijineno cha kubandika. Ndiyo maana unasikia "hapana ninajua". Hiyo ni ntabwo iliyovaa nguo za Kiswahili, na aliyeivisha ni mwalimu.

Tazama jinsi mambo yalivyo ukiyaacha yajieleze. Kujua kwa Kinyarwanda: sinzi, ntuzi, ntazi, ntituzi, ntimuzi, ntibazi. Kwa Kiswahili: sijui, hujui, hajui, hatujui, hamjui, hawajui. Nafsi ya kwanza umoja ina si- kote kuwili, peke yake, tofauti na wenzake. Kwingine nti- ya kwetu ni ha- ya kwao. Na pale irabu zinapokutana, zinamezana kwa namna moja: nti na u huwa ntu, ha na u huwa hu, nti na a huwa nta, ha na a huwa ha. Kuna zaidi. Katika hali ya sasa tunasema ndakora, lakini tukikanusha ile -ra- inaondoka: sinkora. Mswahili anasema ninafanya, na akikanusha -na- inaondoka: sifanyi. Mwanafunzi aliyeonyeshwa hivyo hawezi kusema "sinafanya", kwa sababu hata kwa Kinyarwanda asingesema hivyo. Kitu kigeni kwake ni kimoja tu, ile -i ya mwisho, nayo angeweza kupewa wiki nzima ya kuizoea kama muda usingepotezwa kwingine.

Nije kwenye -ja- na -ku-. Katika maelezo tuliyopewa, yote mawili yalikuwa chini ya kichwa kimoja: "ukanushi, wakati uliopita". Hakufika, n'est pas arrivé. Hajafika, n'est pas arrivé. Kifaransa kikitaka kutofautisha kinaongeza encore, Kiitaliano kinaongeza ancora, na mwandishi wa maelezo yetu hakuona sababu ya kuongeza chochote.

Dada yangu mkubwa anauza viatu soko la Kimironko. Mzigo wake hutoka Dar es Salaam kwa lori. Alijiandikisha kujifunza Kiswahili, katika kituo kama hiki chetu, kwa sababu alichoka kumwomba jirani amsomee ujumbe wa wakala. Alisoma kwa bidii, daftari lake ni safi kuliko langu. Siku moja wakala akamwandikia: "Mzigo haujafika Rusumo, dada." Akafungua daftari. Akaona ha-, akaona "passé, négation", akaelewa kwamba mzigo ulipaswa kufika na haukufika, yaani umepotea njiani au umezuiwa. Alipiga simu, haikupokelewa. Kulikuwa na wateja waliokuwa wametanguliza fedha za viatu vya watoto kabla ya shule kufunguliwa. Kwa kuwa ni mtu mwaminifu, aliwarudishia wote siku hiyohiyo. Lori liliingia Kigali siku ya tatu, salama salimini, na wateja walikuwa wamekwisha kununua kwingine. Wakala alikuwa amemwambia ukweli kamili kwa Kiswahili fasaha: mzigo bado uko njiani.

Silabi moja. Na ubaya wenyewe ni kwamba dada yangu anaijua tofauti hiyo kuliko mwalimu wake! Mwulize kwa Kinyarwanda kama mtoto amekula. Akijibu ntararya, chakula kipo na mtoto atakula. Akijibu ntiyariye, siku imepita na mtoto amelala na njaa. Hawezi kuyachanganya hayo mawili hata akiwa usingizini. Umuzigo nturagera ni mzigo haujafika. Umuzigo ntiwageze ni mzigo haukufika. Hata neno mzigo ni lilelile! Angepewa mstari huo mmoja kwenye daftari lake safi, asingerudisha hata faranga moja. Badala yake alichukuliwa kutoka lugha yenye tofauti hiyo, akapitishwa katika lugha isiyoijali, akafikishwa katika lugha yenye tofauti hiyo, na njiani ikadondoka.

Nimewahi kujibiwa na wanaonipinga, na majibu yao yanastahili kusikilizwa. La kwanza ni kwamba kulinganisha kunachafua. Ukiwaambia Wanyarwanda kwamba Kiswahili ni kama Kinyarwanda, wanasema, watasema "ng'ombe zimekuja" kwa sababu kwetu inka zaje. Najibu: wanasema hivyo sasa hivi, bila kulinganisha, na hawajui kwa nini wanasahihishwa. Mtu asiyeziweka lugha mbili kando kwa kando hawezi kuonya zinapoachana. Na zinaachana mahali pengi. Kiswahili kimewapa wanyama wote upatanisho wa watu, Kinyarwanda hakikufanya hivyo. Igiti kwetu ni mti, na umuti ni dawa. Mswahili akisikia kiti anatafuta pa kukaa. Ki ya Waswahili hupunguza, kijibwa ni mbwa mdogo, lakini ikigabo kwetu ni pande la mwanamume, tena bila heshima; anayetaka kumpunguza atasema akagabo. Sisi tunaweza kutia yambwa mbili ndani ya kitenzi, yakimpaye, "alinipa hicho", kama Mwitaliano asemavyo me l'ha dato. Kiswahili kinakubali moja tu, na ndiyo maana vijana wetu hutunga "alikinipa", neno ambalo halipo lakini lina mantiki nzuri sana.

Mtego mbaya kuliko yote ni -ta-. Kwetu -ta- inakanusha ndani ya kishazi tegemezi na katika kitenzi-jina: umuntu utazi ni mtu asiyejua, kutamenya ni kutojua. Kwa Mswahili -ta- ni ahadi: utajua, atakuja, tutalipa. Kwa masikio ya Mnyarwanda silabi ya kukataa imekuwa silabi ya kuahidi. Sijawahi kuona jambo hilo katika karatasi yoyote tuliyogawiwa Gisimenti. Na lingeonekanaje? Kifaransa hakina -ta-, na karatasi zetu zinaona kile tu ambacho Kifaransa kinaona.

Jibu la pili ni kwamba darasani wamo wasiojua Kinyarwanda vizuri. Ni kweli. Kwetu yumo rafiki aliyekulia Kampala, na wawili waliokulia Bujumbura. Yule wa Kampala akiulizwa atasema ssimanyi, tomanyi, tamanyi, na hapo si ya nafsi ya kwanza inajitokeza tena. Wale wa Bujumbura wana sinzi kama sisi. Hao hawapingani na hoja yangu, wanaipanua. Anayebaki nje kweli ni mgeni kutoka Ulaya, na kwa huyo jedwali lile ni halali yake. Apewe, na Steere afurahi.

La tatu halisemwi kwa sauti, ila nimelisikia katika minong'ono: kwamba Kiswahili kikionekana rahisi kitaonekana cha mitaani. Hilo lina historia. Wakati wa ukoloni Kiswahili mjini Kigali kilihesabiwa kuwa lugha ya Waislamu na wachuuzi, watu wa Biryogo na Nyamirambo, na hata utotoni mwangu kumwita mtu Umuswahili haikuwa sifa; ilimaanisha mjanja wa kuangaliwa mfuko. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi kwa sheria, na mwaka 2021 UNESCO ikakipa siku yake, tarehe 7 Julai. Ghafla lugha ya wachuuzi ilihitaji suti. Nadhani, na hapa nakisia, kwamba jedwali la Kifaransa ndiyo suti hiyo. Linakifanya Kiswahili kifanane na masomo ya heshima yanayolipiwa ada. Kama kingefundishwa kwa sinzi na sijui, mtu angesema: haya nayajua, nilipe kwa nini?

Alipe kwa sababu kuna kazi ya kweli ya kufanya, na inaanza pale jedwali linapofutwa. Kuna -i ya mwisho na maneno yanayoikataa, maana tunasema sifanyi lakini sifikiri na sisafiri hayabadiliki. Kuna l na r, ambazo sisi hatuzitofautishi na zinatufanya tuseme kurara mbele za watu. Kuna -ta-. Kuna ng'ombe. Kuna -o- rejeshi, ambayo hata wenye lugha hubishania. Mwalimu akiokoa wiki sita za mwanzo atakuwa na muda wa hayo yote, na dada yangu atapata kitu cha maana kwa fedha yake.

Mwezi uliopita nilimpelekea mwalimu wetu kurasa mbili: upande mmoja sinzi mpaka ntibazi, upande wa pili sijui mpaka hawajui, na chini yake nturagera na haujafika. Alizipokea vizuri, ni mtu mwema. Akaniambia atazitazama baada ya mtihani wa muhula. Swali la kwanza la mtihani huo lina alama kumi, nalo linasema: jaza jedwali la viwakilishi vya nafsi kwa kufuata mfano, je, mimi.